Mawe Meupe ya Reli ya Cirhambi

Mgeni rasmi, maman Waziri wa Migodi wa jimbo letu: umetoka Bukavu kwa barabara hii ya matope mpaka kwetu. Karibu Cirhambi. Sisi wakaaji na wazazi wa shule tunakupokea kwa furaha, na kwa woga pia.

HISTORIA
Mlima huu ulikuwa na makaa ya mawe. Wakati wa Wabelgiji ilijengwa reli ndogo, kilomita kumi na moja, ili makaa yateremke mpaka ziwani. Babu zetu walibeba vyuma vyake mabegani. Makaa yalipoisha treni ikaacha kuja, na vyuma vikauzwa. Kimebaki kipande kimoja, kengele ya shule yetu. Kandokando ya njia yalibaki mawe yaliyopakwa chokaa.

TULIYOYAFANYA
Tumejenga madarasa sita kwa mikono yetu juu ya tuta la reli, kwani ndipo pekee palipo tambarare. Askofu alipokuja kubariki shule, tuliyaokota yale mawe meupe yote, tukayapanga kuwa pambo la njia. Leo umepita katikati yake. Watoto wameyapaka chokaa upya kwa ajili yako.

HOFU YETU
Papa Lucien, wa mwisho kati ya wafanyakazi wa reli, aliishi Kamituga miaka mingi. Mwaka huu amerudi, macho yamezimika. Fimbo yake iligusa mawe, akainama kuyapapasa.

"Nani alitosha haya mawe?"

"Ni sisi tuliyaondoa, papa. Tulipamba shule."

"Kupamba? Batoto yangu, ile ilikuwa alama! Kila jiwe, chini yake iko shimo ya makaa!"

Hakuna anayekumbuka jiwe lipi lilitoka wapi. Mvua zilipoanza, ukuta wa darasa la Madame Francine ulipasuka. Mara mbili kengele imelia bila mtu kuigonga.

OMBI
Hatuombi treni. Tunaomba mafundi wa kupima ardhi, na ramani ya zamani ya mashimo kama ingalipo, kabla mvua haijazidi. Tunaamini utatusikia.

Jana Papa Lucien aligonga ardhi pale tulipokuwa tumeweka kiti chako. Akasikiliza. "Mutoshe kiti ya maman." Tukakiondoa. Shule hatuna pa kuihamishia, na kesho saa moja na nusu watoto mia tatu na kumi na wawili wataingia.

Mungu alinde kila hatua yako hapa. Wakati wa kuondoka, tafadhali, magari yapitie upande wa kanisa.

Ni sisi, Wakaaji na Wazazi wa Cirhambi.