Gari Ambalo Halijakaliwa

Kibanda cha kahawa cha Rukiyo kiko nje ya soko la mifugo la Garissa, na benchi lake halijawahi kukosa wajuaji. Alasiri hiyo lilikuwa na watatu: Muse muuza mbuzi, Abdihafid waliyembandika jina la Redio, na Alio aliyeitwa Bandari kwa sababu aliwahi kufika Mombasa mara moja. Mbele yao gari jeupe la Muse lilikuwa linang'aa, lakini mwenyewe roho ilikuwa mkononi. Mzee Diriye alishasema binti yake Filsan haolewi bila gari, tena gari ambalo halijakaliwa na mtu. Muse aliuza ngamia wake wote, pesa zikatosha mtumba wa Japani tu. Na mzee alikuwa njiani kuja kulitazama.

— Nitamwambia nini adeer Diriye? — Muse aliuliza, akimtaja mzee kwa heshima kama ami.

— Tulia, waryaa, — akasema Redio. — Nimesikia kwa habari. Mauzo ya gari mpya imepanda, lakini Wakenya wengi bado wananunua ya Japani. Sasa wewe nani ukatae?

— Lakini hii imekaliwa!

— Imekaliwa na nani? — Bandari akadakia. — Japani watu wanapanda treni. Gari wanaweka nyumbani, wageni waone.

— Kama kabati ya vyombo?

— Wallahi! Na siku wakiendesha, wanasimama.

— Ndani ya gari?

— Kwa heshima.

Muse alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Hofu ilimpungua kidogo, ikarudi.

— Na mita? Inasema kilomita elfu themanini.

— Hiyo ni ya meli, — Bandari akajibu bila kupepesa macho. — Meli inatembea, gari inahesabu.

Mzee Diriye akatokea na bakora yake. Baada ya salamu, Redio na Bandari wakampa yote kwa kupokezana: treni, kabati, meli. Mzee akasikiliza kwa adabu huku akilizunguka gari.

— Sawa, — akasema. — Kama haijakaliwa na mtu, nani aliitoa Mombasa?

Redio akamtazama Bandari. Bandari akatazama ndani ya kikombe. Muse aliona haya, akasimama.

— Ni mimi, adeer. Nimeikalia mpaka hapa. Na kuna Mjapani aliikalia kabla yangu. Nisamehe.

Mzee akafungua mlango, akaketi, akasogeza kiti nyuma apate nafasi ya miguu.

— Mjapani simjui, — akasema. — Wewe ni mkwe wangu. Washa, twende tukamwambie Filsan.