Firigisi ya Tamimu

Mwaka 1976, kwenye basi la Kasulu kwenda Kibondo, sufuria ya Zuleha ilipewa kiti, mimi nikasimama. Alikuwa akiipeleka kwenye posa ya binti wa Tamimu, kaka yake. Wifi yake Adija, waliyesafiri naye, alipofunua, pilipili ikatutoa machozi hata tusiohusika.

“Wifi, mbona hakuna mawese?” Zuleha akajibu kwamba daktari wa hospitali ya Kabanga amemkataza kaka yake mafuta. Ndiyo maana amemchambua kuku nyuzinyuzi, akamchanganya na maziwa mgando na pilipili, akamwoka kwa makaa chini na juu ya kifuniko. “Watachovya chapati. Ni chakula chepesi, hakitamdhuru.”

“Na firigisi?”

“Nimeikatakata humo humo.”

Adija akafunika sufuria taratibu, kama anayefunika uso wa maiti. “Wakwe wanatoka Kakonko kuja kuona nani anapewa firigisi, kipande cha mkubwa wa nyumba. Baba wa binti utamheshimu kwa kijiko?”

“Mwezi uliopita nilimshika mkono nikidhani anakata roho. Wewe hukuwepo.”

“Sikuwepo, lakini namjua. Aibu itamuua kabla ya mafuta.”

Kwenye mashimo ya barabara niliishika sufuria mimi, ingawa hakuna aliyeniomba.

Kibondo, Tamimu alikuwa akingoja, amekonda, kanzu imemzidi. Aliipokea sufuria dirishani, akafunua, akanusa, akatabasamu. Kisha akachungulia upande huu na ule.

“Ile yangu umeiweka wapi, dada?”

Dereva akazima injini, na basi zima likageuka kumtazama Zuleha.