Muuguzi Aliyekataa Kugusa Kidonda kwa Mikono Michafu

Tarehe 30 Juni, muuguzi wetu wa huduma za majumbani anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Tunamwita Mama Povu. Mimi ni dereva niliyemzungusha miaka kumi na miwili, na mhariri wa jarida hili aliniomba niandike mambo ya kuchekesha. Yapo. Alikuwa akiimba njia nzima, na hajui kuimba. Lakini kuna jambo limenikaa kooni, na leo nalitema.

Alianza wodi ya wazazi, kisha akaomba mwenyewe kuhamia majumbani, kuosha vidonda vya watu wasioweza kuinuka kitandani.

Mwaka mmoja wa uhaba wa vifaa, stoo ilitangaza kwamba sabuni na vitakasa mikono vimekwisha. Tukaambiwa ratiba iendelee vilevile. Siku ya kwanza tukafika kwa bibi mmoja mwenye kidonda cha kisukari mguuni. Bomba kavu, mkoba mtupu. Mama Povu akasimama mlangoni.

"Bibi, unisamehe. Kwa mikono hii sikugusi."

Akarudi garini analia kwa hasira. Hakulia sana. Alivuka barabara akanunua mche wa sabuni ya kufulia, akaukatakata, vipande akavifunga ndani ya soksi mpya. Dumu langu la maji akalitoboa kwa msumari wa moto, akaziba kwa kijiti, akalining'iniza nyuma ya gari. Maji safi tuliomba kwa majirani. Mimi nikawa bomba: nachomoa kijiti, yeye anasugua hadi kwenye viwiko. Wiki kumi na moja tulizunguka hivyo, soksi ikikauka dirishani. Bibi yule anatembea kwa miguu yake miwili.

Na ofisi ikamshukuru vipi? Kwa barua ya onyo! Eti ameiaibisha taasisi kwa kutumia vifaa visivyoidhinishwa. Wiki hiyohiyo nilipeleka faili ghorofa ya juu, nikakuta chupa za kitakasa mikono zimejipanga kwenye meza ya mikutano, ishirini, kwa watu sita. Nikamwambia Mama Povu.

Alipanda ngazi na kikapu, akazikusanya zote mkutano ukiendelea.

"Unazipeleka wapi hizo?" mkuu wa utawala akafoka.

"Kwa wenye vidonda, mzee."

Hakuna aliyeinuka. Ila baada ya hapo alirukwa mara mbili kwenye kupandishwa cheo, na barua ile imo kwenye faili lake mpaka leo, huku waliotia saini wakijiandaa kumsifu jukwaani siku ya kumuaga. Hawana haya.

Mama Povu, ahsante kwa kila mara uliponawa kabla ya kumshika mtu asiyeweza kujitetea. Nenda ukapumzike, ulee wajukuu, afya ikukae mwilini. Hasira yako umetuachia sisi tuliobaki, na Jumatatu asubuhi naanza nayo pale stoo.