Gari la Waziri na Nailoni Yake

Benchi la kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha gari la petroli ambalo sehemu zake nyingine zote zilikwishauzwa kama vyuma chakavu. Kimepandishwa juu ya matofali, mgongo wake umeegemea ukuta wa karakana ya kupaka magari rangi, na mbele yake, ng'ambo ya barabara nyembamba, lipo lango la Waziri. Waziri si waziri. Ni mkandarasi wa majengo, na jina hilo alipewa na kijiwe siku alipoingia mtaani na gari la kifahari la umeme, jeupe, refu, lisilo na sauti. Kahawa yetu huuzwa na mama yake mzazi, ambaye alikataa kukaa ndani kutazama ukuta, akanunua birika na jiko la mkaa. Wanakijiwe wa kudumu, ukiniondoa mimi ninayesikiliza, ni watatu: Dalali, ambaye huuza magari ya watu, Fundi Rangi, mwenye karakana, na Mhadhiri, aliyestaafu kufundisha uchumi chuoni lakini hajastaafu kufundisha. Asubuhi ya Jumamosi ninayoieleza, Waziri alikuwa amelitoa gari lake nje ya lango, akalivua turubai, na sasa alikuwa akimsubiri mnunuzi. Viti vilikuwa bado vimevaa nailoni ya kiwandani.

— Anakuja kweli? aliuliza Waziri, huku akipangusa kioo kisicho na vumbi.

— Yuko njiani, alijibu Dalali. Ila kaka, nikwambie mapema ili usije ukanirukia mbele ya mgeni. Ametaja nusu.

— Nusu ya nini?

— Ya bei uliyonunulia. Na hiyo nusu yenyewe imemegwa pembeni.

Waziri aliketi katikati yetu. Springi za kiti zililia.

— Sijaitumia! Nyinyi si ndio mlisema nisiitumie?

Tulisema. Gari lilipofika, Dalali alieleza kwamba bei ya gari husomwa kwenye mita ya kilomita, kwa hiyo lisitembee. Kisha Fundi Rangi akaeleza kwamba jua hula rangi, kwa hiyo lifunikwe. Mwishowe Mhadhiri akashauri nailoni isitolewe, kwa kuwa upya ni mtaji. Waziri aliyafuata yote kwa mpangilio huo. Akawa anakwenda kukagua majengo yake kwa pikipiki, na mvua ilipomkuta njiani, alirudi nyumbani amelowa chapachapa, akapita kando ya gari kavu. Mama yake alipoomba apelekwe vilimani kumwona dada yake, aliambiwa: “Tukishauza, mama.” Ndiyo maana kila Jumamosi alikuja kijiweni na kikapu cha safari kilichofungwa kitambaa, akakiweka nyuma ya jiko, na jioni akarudi nacho.

— Tatizo ni kiwanda, alisema Dalali. Wameshusha bei ya magari mapya, tena mapya yanakwenda mbali kuliko hili. Nani atanunua kiporo wakati chungu kipo jikoni kinachemka?

— Tatizo ni betri, alisema Fundi Rangi. Betri ndiyo gari, mengine mapambo. Mtu akinunua ya petroli iliyotumika, anaisikiliza. Ikikohoa, anajua inaumwa. Hii haikohoi. Mgonjwa asiyekohoa unamwogopa zaidi.

— Nyote mnazungukazunguka, alisema Mhadhiri, akaweka kikombe chini kama mtu anayefungua mhadhara. Hili ni simu yenye magurudumu. Simu ya juzi leo ina bei gani? Halafu tazameni mnunuzi. Tajiri hanunui gari, ananunua kuwa wa kwanza. Na kuwa wa kwanza hakuuziki mara ya pili.

— Prof, sasa mimi nifanye nini? aliuliza Waziri.

— Bado sijafika huko.

Fundi Rangi alikuwa amekwisha kupata wazo jingine.

— Mimi nadhani ni ukimya. Gari la bosi likija, mlinzi analisikia toka mbali, anakimbilia lango. Hili linafika, mlinzi bado anasinzia. Kila lango linalochelewa kufunguliwa, bei inashuka.

— Basi apige honi, alisema Mama bila kugeuka.

— Honi ni ombi, mama. Mngurumo ni amri.

Dalali alisogea mbele na kushusha sauti, akalitupia gari jicho kana kwamba lingeweza kusikia.

— Niwaambie kitu? Hizi gari zinaongea na kiwanda usiku. Zinatuma ripoti. Hii imekuwa ikiripoti nini? “Nipo chini ya turubai.” Kesho yake: “Nipo chini ya turubai.” Kiwanda kinaona mteja mwenyewe hajiamini, kinapunguza bei.

— Kiwanda kizima kwa ajili ya gari langu?

— Hujui wako wangapi kama wewe.

Mhadhiri alitafakari hoja hiyo kwa heshima, kisha akaipita.

— Gari hili limeulizwa mno. Kila anayepita anauliza, “Unauza?” na kuondoka. Kila swali linachukua kidogo. Thamani haikuibwa, Waziri. Imeulizwa mpaka ikaisha.

— Basi niuze leo?

— Hapana! walisema watatu kwa pamoja.

— Subiri, alisema Dalali. Gari za kale zinarudi juu.

— Lini?

— Zikishasahaulika.

— Ukivumilia vya kutosha, alisema Mhadhiri, litafaa kwa makumbusho.

Mama alichochea makaa.

— Na mimi nitasubiri mpaka makumbusho? Dada yangu kapiga simu jana. Macho yanazidi kumfifia. Anataka nifike wakati bado ananiona, si wakati ananipapasa.

Waziri alitazama viatu vyake.

— Leo tunauza, mama. Kesho nakukodia teksi.

— Kesho yako naijua, mwanangu. Ina turubai.

Mnunuzi alifika kwa miguu. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa buti, mwenye kampuni ndogo ya teksi. Alimwamkia Mama shikamoo, akatusalimu sisi kwa jumla, akakataa kahawa kwa adabu, kisha akafungua mlango wa gari. Nailoni ilichakarika chini yake. Aliitazama mita kwa muda mrefu.

— Hii mita ni nzima?

— Nzima kabisa, dada! Dalali alisema kwa fahari. Hiyo namba ni yake halali.

— Na imekaa hivi hivi muda wote?

— Kama yai!

— Betri ya kukaa tu nayo inazeeka, alisema mwanamke, kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba nje kuna mawingu. Haya, nipate picha ya namna inavyokula chaji. Imewahi kwenda wapi?

Dalali alimtazama Fundi Rangi. Fundi Rangi alimtazama Mhadhiri. Mhadhiri alitazama ndani ya kikombe chake, akakuta kimekwisha.

— Ilitoka dukani ikaja hapa, Waziri alisema hatimaye.

— Na kutoka hapa?

Waziri alinyoosha mkono kuelekea langoni, akauonyesha ule umbali mfupi aliolisogeza gari asubuhi ile. Kisha akaurudisha mkono mfukoni.

Mnunuzi hakucheka. Hilo ndilo lililotuumiza.

— Basi siwezi kuijua. Na nyinyi hamwijui. Ikishafika mahali, nipigieni. Bei yangu ni ileile.

— Ileile? alishtuka Waziri. Hata nikiiendesha?

— Safari ya mbali kiasi gani?

— Vilimani.

— Kwa vilimani hakitapungua kitu, kaka yangu. Ilishapungua imelala.

Aliaga, akaondoka kama alivyokuja.

Mama alifunika birika, akayasukuma makaa pembeni.

— Kahawa imekwisha.

Alichukua kikapu chake, akavuka barabara bila kutazama nyuma, akasimama mbele ya mlango wa abiria. Waziri alimfuata. Aliinama ndani ya gari, akashika nailoni ya kiti cha mbele kwa mikono miwili, akaichana.

— Taratibu! Dalali alipiga kelele, akakimbia kuvuka. Usichane! Itoe nzima, tutairudishia!

Waziri aliichana mpaka mwisho, akamkabidhi. Mama aliketi, akapakata kikapu, akafunga mkanda.

Gari liliondoka. Tulingoja kusikia mngurumo ili tujue limekwenda, kwa mazoea tu, na tulipochoka kungoja lilikuwa limekwisha kukata kona.

Fundi Rangi aliliinua birika. Lilikuwa na kahawa nusu. Alilirudisha lilipokuwa, kwa sababu mwenyewe hakuwepo wa kumimina. Dalali alirudi na vipande vya nailoni, akavinyoosha kwa kiganja, akavitandika juu ya kiti chetu cha petroli ili kisichakae. Tulikaa juu yake. Ilikuwa inateleza, na ilikuwa ya moto.