Mkunja Shuka na Rafiki Yake Aliyezuiwa Mlangoni

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 11 Machi 1944, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli alikofanya kazi baba. Mama alikuwa akisema kwamba alizaliwa kadogo hivi, hata wakamlaza ndani ya sanduku la zana, na baba akazimwaga spana zake zote sakafuni bila kunung'unika, jambo ambalo hakulirudia tena maishani. Urefu haukumjia hata baadaye. Maneno ndiyo yaliyomjia.

Alianza shule mwaka 1952. Akaketishwa dawati moja na msichana aliyemzidi kichwa kizima, ambaye darasa lilikwisha kumbandika jina la Mrefu. Mwalimu akawatenganisha, mmoja mbele mmoja nyuma. Kesho yake wakarudi pale pale. Akawatenganisha tena, mpaka akachoka yeye. Walipofika darasa la nne mama aliugua, dada akatolewa shule ili atulee sisi wadogo zake. Basi kila jioni Mrefu alipita kwetu, akasimama nje ya dirisha na kumsomea masomo ya siku ile huku dada akiosha vyombo. Ukisikia mtu anasema marehemu aliishia la nne, mwambie si kweli. Alifika la saba, ila dirishani.

Mwaka 1963 wote wawili waliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu, na huko walikaa hadi kustaafu kwao mwaka 1994. Shuka ya wodini haikunjwi na mtu mmoja. Wanashika wawili, wanavuta, wanakutana katikati, kona juu ya kona. Sasa mfupi na mrefu wakishika shuka moja, inaburuta upande mmoja, ndipo dada akaokota kreti tupu la soda na kulipanda. Msimamizi alipomkuta juu yake aliuliza ni kitu gani kile. Dada akamjibu, "Bosi, hiki ndicho cheo pekee nilichopanda humu ndani." Msimamizi akacheka, akaenda zake, na kreti likabaki. Mvuke wa chumba kile uliwaharibu vifua watu wengi, lakini hilo lina siku yake. Turudi njiani.

Alifunga ndoa mwaka 1966 na dereva wa lori, mtu mpole, mshona viatu vyake mwenyewe. Wakajaliwa watoto watatu. Kazini zamu zilipishana, kwa hiyo dada akiingia kazini, kifungua mimba wake alikuwa mgongoni kwa Mrefu. Shemeji yetu alipofariki kwa ajali mwaka 1981, Mrefu alihamia pale na begi moja, akalala na watoto chumba cha nyuma, na hakuondoka tena. Watoto wakamwita Mama Mrefu. Ada zilitoka mifuko miwili, viboko vilitoka mikono miwili. Mrefu mwenyewe hakuolewa, na hilo halimhusu mtu.

Mwaka huu, mwezi wa saba, moyo wa dada ulianza kuchoka, miguu ikavimba. Mrefu ndiye aliyempeleka hospitali, ile ile. Siku hiyo ya kwanza aliruhusiwa kumfikisha kitandani. Dada akapapasa shuka, akauliza, "Nani amekunja hii? Kona hazisalimiani." Ndivyo walivyoagana, kwa kulalamikia shuka, maana kesho yake Mrefu alizuiwa mlangoni.

"Bibi, wewe ni nani wake?" mlinzi alimuuliza.

"Rafiki yake. Naishi naye."

"Wodi ile ni ndugu tu."

"Basi andika dada."

"Mbona kitambulisho hakionyeshi hivyo? Usinitafutie matatizo, bibi yangu."

Watoto wanakaa miji mingine, wana kazi zao, walikuwa wakija Jumamosi. Kwa hiyo siku nyingine zote Mrefu alishinda kwenye benchi la nje na chupa ya chai ya dada ambayo yeye hakuinywa, dada akiwa upande wa pili wa ukuta. Jumatano, tarehe 6 Agosti, muuguzi alitoka akauliza, "Kuna ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani? Anaomba mtu akae naye." Mrefu akasimama. Muuguzi akamtazama, akasema, "Nimeuliza ndugu, bibi," akarudi ndani. Dada yetu alifariki mchana huo, peke yake, katika hospitali aliyoikunjia shuka ujana wake wote. Tunaambiwa ni utaratibu. Basi aliyeutunga ajue umefanya nini.

Lakini tusiwasute wageni tukajisahau wenyewe. Kwenye kikao cha mazishi, kifungua mimba alileta wasifu alioandaa, umepangwa vizuri, na humo imeandikwa kwamba mama alifariki "akiwa amezungukwa na familia yake." Mrefu kaandikwa mwishoni, ndani ya "marafiki na majirani wengi."

Mdogo wake marehemu, aliyepewa kazi ya kusoma, aliuliza, "Nani alimzunguka?"

"Mjomba, ndivyo zinavyoandikwa hizi. Kila mtu anaandika hivyo."

"Wa kila mtu waandikiwe na kila mtu. Huyu ni mama yako. Alizungukwa na kuta. Na huyo uliyemtupa kwa majirani ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka ukamlowesha."

Kijana, kama mtu wa miaka hamsini na minane ni kijana, alikunja karatasi yake, akatoka kwenda chumba cha nyuma. Alimkuta Mrefu akipanga nguo za marehemu, akamwomba akae mbele na familia.

"Nitakaa nyuma huko," Mrefu akamwambia. "Nisije nikaombwa kitambulisho na makaburini."

Kijana alimpigia magoti, na hilo tunaliandika kwa heshima yake. Mrefu alimwacha magotini muda wa kutosha, kisha akamwambia, "Inuka, unachafua suruali."

Marehemu ameacha dada mmoja asiye wa damu, Mrefu, ambaye leo ameketi safu ya mbele kati ya kifungua mimba na binti mkubwa. Atakayetaka kumhamisha aanze na mzee anayesoma hapa. Ameacha pia watoto watatu, wajukuu wanane, vitukuu wawili, na mdogo wake mmoja wa kiume. Nyumba, mitungi ya maua na kiti cha barazani vibaki kwa Mrefu maisha yake yote. Watoto wamekubali mbele ya kikao, na sasa wamekubali mbele yenu.

Dada, pumzika kwa amani uliyonyimwa Jumatano ile. Safari hii aliyekuwa nje ya mlango yuko hapa, karibu yako, na hakuna aliyemuuliza ni nani.