Shubiri ya Tabita Nambeye

Marehemu Tabita Nambeye alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Ndalambo, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya wakulima wa mahindi na ulezi. Mama yake alisimulia kwamba asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa, na mkunga alifika nyumbani kwa kufuata sauti ya mbuzi, maana njia haikuonekana. Marehemu alizipenda asubuhi za namna hiyo maisha yake yote. Alisema mtu anaonyeshwa mti ulio karibu tu, mingine anaachiwa Mungu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Alipomaliza darasa la saba alikwenda kukaa na bibi yake mzaa mama, ambaye alijua mimea mingi. Huko ndiko alikojifunza shubiri mwitu, ule mmea ambao vijana wanauita alovera. Jani lilikatwa karibu na shina, likasimamishwa kwenye bakuli mpaka maji ya njano yenye uchungu yachuruzike yote. Kisha lilimenywa, na ute mweupe wa ndani ukapakwa juu ya ngozi iliyoungua kidogo. Yale maji ya njano bibi hakuyatupa. Aliwanywesha waliofunga choo, na kwa miaka mingi mjukuu wake hakuona ubaya wowote katika hilo.

Tarehe 26 Agosti 1978 alifunga ndoa kanisani na Ferdinand Siwale, fundi wa reli, na mwaka uliofuata wakahamia Tunduma. Nyumba yao ilikuwa karibu na njia ya treni. Treni ilipopita, vikombe viligongana kabatini, naye akasema kuwa nyumba inapumua. Nje alizungusha uzio wa shubiri kutoka kwa bibi yake.

Mwaka 1980, akiwa na mimba ya kwanza, alifunga choo akanywa maji ya njano kama alivyofundishwa. Tumbo lilimkata vibaya, na mimba ikatoka. Nesi aliyemhudumia hakumkemea. Alimwambia, "Siwezi kuapa kwamba ni hiyo dawa, dada. Ila mjamzito hapewi." Kwa muda mrefu baada ya hapo marehemu alikuwa akipita mbele ya mimea yake bila kuigusa, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jirani aliyekosana naye. Baadaye Mungu aliwajalia watoto watatu: Ezron, Fortunata na Priska. Mzee Ferdinand alifariki mwaka 2009.

Marehemu alilima na kuuza mboga sokoni, lakini wengi mlimjua kwa ajili ya uzio ule. Mama lishe aliyerukiwa na mafuta ya moto alimwagiwa kwanza maji baridi kwa muda mrefu, kisha akapakwa ute kidogo upande wa ndani wa mkono ili ionekane kama ngozi yake inaukataa, kabla ya kupakwa palipoungua. Kidonda kirefu au cha mtoto mdogo hakukigusa; aliita bodaboda, mgonjwa akapelekwa hospitali. Maji ya njano aliyamwaga. Hakumpa mtu tena dawa ya kunywa, hata aliyembembeleza.

Siku moja alikuja dereva wa lori kutoka Zambia, aliyekuwa kwenye foleni ya mpakani, ameshika tumbo.

"Bamayo, mama yangu, nipe ile chungu ya kunywa. Siku ya nne hii sijaenda chooni."

"Umekaa kwenye kiti cha lori tangu lini?"

"Tangu Dar."

"Na unakula nini?"

"Chipsi."

"Basi kunywa maji mengi, kula papai, tembea. Kesho ikiwa bado, nenda zahanati."

"Nimeacha gari yangu kwenye foleni kwa ajili ya papai?"

"Na papai lenyewe sina. Soko lile pale. Nenda kwa miguu, ndiyo dawa yenyewe."

Dereva alikwenda akicheka, na kila aliposafiri njia hii alimletea papai.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Daktari alimkataza dawa zote za miti za kunywa, naye akakubali. Wako waliomletea madumu ya dawa yaliyofunikwa kanga, wakanong'ona kwamba mwenye dawa ameikimbia dawa yake. Aliwakaribisha chai, na madumu yao akawarudishia.

Mwezi Aprili mwaka huu wa 2025 alitembelewa na kijana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja kumshukuru. "Bamayo, dawa yenu ya chupa ni nzuri. Hata mke wangu anaitumia, na ni mjamzito." Marehemu hakuwa na dawa ya chupa. Alimwambia kijana aache chai yake na ampeleke mke kliniki sasa hivi. Alipelekwa, na tunamshukuru Mungu kwamba mama na mtoto ni wazima.

Chupa zile zilitoka kwenye meza ya Priska, bintiye wa mwisho, karibu na mpaka. Alikuwa akichemsha majani mazima ya shubiri pamoja na maji yake ya njano, na karatasi ya juu iliandikwa jina la mama yake. Marehemu alimwita.

"Priska, jina langu linafanya nini kwenye chupa?"

"Mama, watu wanakuamini. Ndiyo maana wananunua."

"Wananiamini kwa sababu nawauliza maswali. Chupa inamuuliza nani?"

"Ndiyo inayosomesha watoto wangu, mama."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana sikupigii kelele. Nakuomba."

"Nitafikiria."

Ugonjwa ulipomlaza, kila Priska alipoingia chumbani, marehemu alimtazama usoni, kisha akageukia dirisha. Hakurudia ombi lake. Aliwaomba ndugu jambo moja tu: habari hii isomwe siku ya maziko yake, mimba yake ya kwanza ikiwemo, asije mtu akanywa kitu kwa sababu ya jina lake. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, asubuhi, nje kukiwa na ukungu na malori yakinguruma kwa mbali. Jibu alikuwa hajalipata.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu wanane na mdogo wake mmoja, Ambakisye.

Tangu jana waombolezaji mmekuwa mkichomoa machipukizi ya shubiri uzioni. Hamkatazwi. Priska atasimama pale baada ya maziko, na kila anayechukua atamwonyesha namna ya kuchuruza maji ya njano na kuyamwaga. Mwenye chupa nyumbani aimwage pia, na mjamzito aliyekunywa aende kliniki leo. Maneno haya Priska ameyaomba mwenyewe yaandikwe. Jana alifunga meza yake, akaja kukaa karibu na jeneza na kusema kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Mama, nimeacha."

Tabita Nambeye, umejibiwa. Lala sasa, mama, mikononi mwa Bwana.