Ukuta wa Mwisho wa Mzee Ignasi Tluway

Baba Padre, wazee wetu, shikamooni, ndugu na majirani, mimi ni Agripina, mtoto wa tatu wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu.

Mzee Ignasi Tluway alizaliwa tarehe 12 Agosti 1948 hapa Ngomeni, Basotu, katika kibanda cha wafanyakazi nyuma ya jumba la mawe la mlowezi wa ngano, jumba ambalo babu yetu na wenzake walilazimishwa kulichimbia handaki pande zote na kulijaza maji, ili viboko wasiingie bustanini, na viboko waliingia hivyo hivyo. Alisoma hadi darasa la nne, mwaka 1961, akaacha kwa kuwa ng'ombe hawakuwa na mchungaji mwingine.

Mlowezi alipoondoka jumba likawa ghala la mahindi, kisha darasa la watu wazima, kisha upepo ukaezua paa, na mwaka 1979 kijiji kikamkabidhi baba ulinzi wa magofu, naye akajenga nyumba yetu humo humo, katikati ya mzunguko wa handaki. Wengi wenu mnajua alivyolinda. Mtu alikuja, akaamkia, akaulizwa hali ya ng'ombe na watoto, ndipo akaomba mawe matatu tu ya mafiga, kijana wake ameoa, na baba akamsaidia kuyabeba. Mama yetu Fransiska, aliyefunga naye ndoa tarehe 6 Oktoba 1973 na kumzalia watoto watano, alimwambia afadhali wangempa ziwa alilinde, maana ziwa halibebeki.

Zahanati ilipata mawe yake, kanisa likapata yake, ukabaki ukuta mmoja, wa upande wa mlango, na huo baba aliukatalia kila mtu, hata Padre, akisema ukianguka, wajukuu hawatakuwa na cha kuonyeshwa kwamba babu zao waliteseka hapa.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2025 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, madaktari wakasema ni moyo. Asubuhi ya tarehe 8 Aprili alizidiwa, mvua ilikuwa imesomba daraja la magogo tulilovukia handaki, maji ya handaki yalifika shingoni, na gari la wagonjwa likasimama ng'ambo. Mawe ya kujazia handaki ili gari livuke yalikuwa ya ukuta ule tu. Kaka yetu Felician alimwamkia baba kitandani, akaomba, kama walivyoomba wote, na baba akasema kwa shida, "Chukueni, ila nigeuzeni nisione."

Tukamgeuza. Ukuta ukaangushwa, gari likavuka, na baba akafariki njiani, kabla hatujaiona hospitali.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wanakwaya, na ninyi vijana mliobeba mawe mkilia. Magari yenu leo yamepita juu ya ukuta wake, na jeneza litapita hapo hapo, kwa kuwa njia nyingine hatuna, na inatuuma sana. Baba, sasa hakuna kilichobaki cha kukuomba, pumzika kwa amani.